Kiwiko cha Kushoto cha Ma Tae-rim

Kwa miaka kumi na mitatu kazi ya Pyo Sang-deok ilikuwa kudaka mipira ya besiboli isiyohesabiwa. Mechi ikianza, watu elfu kumi na tano walikuwa wakimtazama mrushaji pale kwenye kilima kidogo cha udongo katikati ya uwanja. Lakini kabla hajafika kilimani, mrushaji huyo alikuwa ameshaupasha mkono wake moto nyuma ya ukuta wa upande wa kulia, mahali ambapo wachezaji wote walipaita zizini, na aliyechuchumaa mbele yake akimdakia alikuwa Sang-deok. Mipira mia mbili kwa siku, siku nyingine mia mbili na hamsini. Jina lake halikuonekana kwenye ubao wa matokeo, na jezi yake ilikuwa na namba ya tarakimu tatu, namba ambayo hakuna shabiki anayeinunua.

Zamani naye alikuwa mdakaji wa kweli. Aliichezea timu kubwa ya Korongo wa Jeonju mechi tisa, kisha magoti yakamgomea akiwa na miaka ishirini na mitano. Sasa alikuwa na thelathini na minane. Mkewe, Mi-gyeong, alizoea kusema kwamba ameolewa na mwanamume mwenye magoti ya babu na kiganja cha mbao. Ni kweli kiganja cha kushoto kilikuwa kigumu, lakini kilikuwa kikimjua kila mrushaji wa timu ile. Wala hapakuwa na uchawi. Ukidaka mipira elfu tatu ya mtu mmoja, mkono unazoea mahali inapotua, kama unavyozizoea ngazi za nyumbani kwako ukazishuka bila kutazama. Mpira wa Ok Jin-pyo, mkongwe wa miaka thelathini na minne, ulikuja mzito na wa chini. Wa Ma Tae-rim, kijana wa miaka ishirini na mitatu aliyerusha kwa mkono wa kushoto, ulitua ndani kabisa ya mfuko wa glavu, kati ya kidole gumba na cha shahada, kila siku palepale, kwa mlio uliowafanya wauza kuku wa kukaanga nje ya ukuta wageuke.

Mwezi Mei mwaka ule, mpira wa Tae-rim ukaanza kumgonga Sang-deok kwenye shina la kidole gumba.

Haikuwa kila mpira. Kumi ya kwanza ilikuja sawasawa, na kumi ya pili pia. Halafu mmoja ukaponyoka kidogo kuelekea kulia kwake, ukamgonga mfupani, na machozi yakamlenga. Akadhani ni yeye anazeeka. Akabadilisha glavu. Kidole kikazidi kuvimba mpaka asubuhi moja Mi-gyeong akamshika mkono mezani.

"Hiki kimefanywa nini?"

"Kimegongwa."

"Na nani?"

"Tae-rim."

"Tae-rim yupi? Si ndiye uliyesema mipira yake inadakika hata umefumba macho?"

Mkewe alikuwa amelisema lile Sang-deok alilolikwepa wiki tatu nzima. Na sasa lilipokwisha kusemwa, mambo mengine madogo yakaja mstari mmoja: kwamba Tae-rim sasa alifungua chupa ya maji kwa mkono wa kulia, kwamba akimaliza kurusha aliukunja mkono wa kushoto ndani ya koti hata jua likiwaka, kwamba alikuwa ameacha mzaha.

Kilichomfunga mdomo Sang-deok kilikuwa jambo la miaka sita nyuma. Wakati ule alihisi mkono wa mrushaji mwingine una kasoro, akasema. Mrushaji akapumzishwa wiki tatu mwishoni mwa msimu, akapigwa picha za MRI, na hakuonekana na kitu. Timu ikakosa kuingia mchujo kwa mechi moja tu. Gwak Chang-ho, ambaye sasa ndiye kocha mkuu, wakati ule akiwa kocha wa warushaji, alimwambia mbele ya watu: "Kazi yako ni kudaka, Pyo. Ukitaka kutabiri, kafungue kibanda cha ramli." Tangu siku hiyo warushaji wawili walikuwa wamevunjika mikono, na mara zote mbili kiganja kilikuwa kimemwambia kitu. Hakuna aliyemuuliza, naye hakusema.

Safari hii alianza na Tae-rim mwenyewe. Alimngoja mpaka wenzake walipoondoka zizini.

"Dogo, mkono vipi?"

"Mzima, kaka."

"Mzima mzima?"

Tae-rim akatazama huku na huku, kisha akachuchumaa karibu naye. "Kaka, wiki nne zijazo wanatangaza timu ya taifa ya Michezo ya Asia. Nimo kwenye majina ya awali. Tukileta dhahabu, jeshi la lazima nimesamehewa. Miezi kumi na minane, kaka! Unajua wangapi wamekwenda jeshini na mkono mzuri wakarudi hakuna anayewakumbuka? Tafadhali. Usimwambie Daktari."

"Nimekusikia," alisema Sang-deok. Usiku ule alijiuliza kama neno hilo lilikuwa ahadi, akaona si ahadi, lakini halikumpa usingizi vilevile.

Daktari aliyetajwa alikuwa Seon Ha-yeong, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja aliyesomea miili ya wanamichezo hadi shahada ya juu kabisa. Ofisi yake ilikuwa stoo ya zamani ya mafagio, jirani na chumba cha kufulia jezi. Mle ndani alikuwa na kompyuta tatu zilizomletea habari za kamera kumi na mbili za uwanjani, na kila asubuhi kila mchezaji alijibu maswali yake kwenye simu: umelala saa ngapi, unaumwa kiasi gani kutoka sifuri mpaka kumi. Baada ya hapo jina la mchezaji lilipata taa. Kijani, njano, au nyekundu.

Siku mbili baadaye Sang-deok alibisha hodi.

"Daktari, una dakika?"

"Ninazo tatu. Umeumia?"

"Kidole tu. Ila nimekuja kwa habari za mkono wa mtu mwingine."

Alimweleza yote, bila kuficha jina. Ha-yeong akaigeuza moja ya kompyuta zake wakaitazama wote wawili. Ma Tae-rim alikuwa kijani tangu Machi. Kasi ya mpira wake ilikuwa imepanda kwa kilomita moja kwa saa. Maumivu: sifuri, sifuri, sifuri.

"Kwa vipimo vyangu, huyu ndiye mzima kuliko wote," alisema.

"Na kwa kidole changu ndiye mgonjwa kuliko wote."

Ha-yeong akacheka, lakini hakikuwa kicheko cha dharau. "Nikuambie siri, kaka? Taa yangu nyekundu ikiwaka mara kumi, mara saba mtu hana kitu. Na kati ya sita walioumia mwaka jana, wanne walikuwa kijani asubuhi ileile."

"Sasa mashine ya nini?"

"Ya zile mara tatu." Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Lakini siwezi kwenda kwa Kocha Gwak na kidole gumba. Atatufukuza wote wawili. Nisaidie hivi. Kila Tae-rim akimaliza kurusha, niandikie ni mpira wa ngapi uliokugonga. Usitazame picha zangu, nami sitatazama karatasi yako. Wiki mbili. Kisha tuziweke pamoja."

Kwa wiki mbili Sang-deok akawa anahesabu kimoyomoyo huku amechuchumaa, kisha anakwenda chooni kuandika. Wa ishirini na moja. Wa ishirini na nne. Wa ishirini na tano. Alijisikia kama mpelelezi, tena mpelelezi wa rafiki yake mwenyewe, na mara nyingi Tae-rim alipomtupia "asante, kaka" mwisho wa zoezi, aliitikia akiangalia chini.

Siku ya kulinganisha, Ha-yeong alifunga mlango. Akasoma namba za karatasi moja moja na kuisimamisha picha ya kila mpira. Alipofika namba ya kumi na mbili kwenye orodha, alisogeza kiti.

"Tazama. Mpaka mpira wa ishirini, mkono wake unauachia mpira palepale alipouachia Februari kule Okinawa kwenye mazoezi. Baada ya ishirini, unashuka. Sentimita tatu, nne. Kiwiko kinakwepa kazi na bega linakibebea." Akajigonga paji la uso. "Mimi nimekuwa nikiijumlisha mipira yote na kuigawanya. Ile mizuri ikaifunika mibaya. Kitu kilikuwa mbele ya macho yangu miezi miwili!"

"Kwa hiyo ni hakika?"

"Hapana. Inaweza kuwa uchovu. Inaweza kuwa mtindo tu. Ukinibana, nitasema thelathini kwa mia kwamba kano ya kiwiko imeanza kuchanika. Lakini sasa nimeona, kaka, siwezi kusema sikuona. Lazima Kocha ajue."

"Nipe asubuhi moja kwanza."

Asubuhi hiyo Sang-deok alimpeleka Tae-rim kwenye duka la supu ya chipukizi za maharage karibu na soko la kusini, ambapo mama mwenye duka hupasua mayai kwa mkono mmoja huku akigombana na simu. Tae-rim alikula kwa furaha mpaka bakuli likafika nusu. Ndipo Sang-deok akamwambia. Alimwambia kila kitu, hata habari ya karatasi.

Kijana aliweka kijiko chini polepole.

"Ulikuwa unaniandika?"

"Ndiyo."

"Mimi nakuita kaka, wewe unaniandika chooni?"

"Ndiyo."

"Kwa nini? Wewe inakuhusu nini? Kazi yako ni kudaka! Umecheza mechi tisa tu. Tisa! Wewe huwezi kujua maana ya kukaribia jambo!"

Mama mwenye duka akapunguza sauti ya simu. Sang-deok akaweka mkono wake wa kushoto mezani, kati ya mabakuli, na kile kidole kikiwa kimevimba rangi ya zambarau.

"Maana ya kukaribia naijua kuliko mtu yeyote uliyewahi kula naye," alisema. "Hiki ni mpira wako wa ishirini na kitu, Tae-rim. Wewe unaweza kuandika sifuri kwenye simu. Mpira hauwezi."

Tae-rim aliondoka bila kumaliza supu.

Kocha Gwak naye hakuwa mwepesi. Aliwasikiliza akiwa amesimama, akitafuna mbegu za maboga, na alipomwona Sang-deok akaguna: "Wewe tena?"

"Mimi tena, Kocha."

"Jumapili tunacheza na vinara wa ligi. Mrushaji ni Ma. Daktari, uwezekano ni kiasi gani?"

"Thelathini kwa mia."

"Yaani sabini hana kitu. Mvua ikiwa thelathini kwa mia mimi sibebi mwavuli."

"Ukilowa utabadilisha shati, Kocha," alisema Sang-deok kabla hajajizuia. "Huyu hana mkono wa kubadilisha."

Gwak akaacha kutafuna. Yeye mwenyewe Gwak alikuwa mrushaji zamani, na kila mtu alijua kwamba mkono wake wa kulia haunyooki mpaka mwisho, ingawa hakuna aliyethubutu kuutaja.

"Atapasha moto Jumapili kama kawaida," alisema hatimaye. "Wewe utakuwa unamdakia. Ukiona kitu, nipigie kabla ya wimbo wa taifa. Ukikosea safari hii, Pyo, hicho kibanda cha ramli nitakujengea mwenyewe. Nendeni."

Jumapili ilikuwa ya jua kali, mechi ikiwa saa nane mchana. Ngoma za mashabiki zilianza mapema. Zizini Tae-rim hakumsalimu. Alivaa glavu, akapanda kwenye kilima cha mazoezi, akaanza kurusha, na Mungu shahidi, alirusha vizuri. Mipira ishirini ilitua kwenye mfuko kama imewekwa kwa mkono. Sang-deok akaanza kuomba kimya kimya kwamba amekosea. Angefurahi kukosea, angekwenda kuuza ramli akicheka. Ha-yeong alikuwa amesimama kwenye ukingo, mikono kifuani, bila kompyuta yoyote.

Wa ishirini na mbili ulimgonga kidoleni. Wa ishirini na tatu ulirudi mfukoni. Wa ishirini na nne ukamgonga, na wa ishirini na tano pia, mpaka akasaga meno.

Sang-deok akasimama, mpira ukiwa ndani ya glavu, na hakuurudisha.

"Rudisha mpira, kaka."

Sang-deok akaanza kumjia.

"Dakika kumi zimebaki. Rudisha mpira!"

Akatembea ule mwendo wote, magoti yakilalamika, mpaka akafika chini ya kilima. Kwa karibu aliona jasho la kijana lilikuwa jingi kuliko jua la siku ile.

"Ukiniondoa leo, jina langu halitakuwapo kwenye orodha," alisema Tae-rim kwa sauti ya chini.

"Najua."

"Na kama hamna kitu?"

"Kama hamna kitu, Kocha atanifukuza kazi, na wewe utakuja nyumbani kwangu unitukane mbele ya mke wangu. Atakupikia kabisa, uwe na nguvu ya kutukana."

Midomo ya Tae-rim ilitaka kucheka, ikashindwa. Akatazama ukuta, upande zilikotoka ngoma, watu wakiliimba jina lake kwa wimbo wake mwenyewe. Kisha akavua glavu.

"Kinauma tangu Aprili," alisema. "Mwanzoni kidogo tu. Sasa asubuhi siwezi kupiga mswaki kwa mkono huu." Na alipokwisha kulisema hilo, mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetuliwa gunia la mchele, akalia hapohapo mbele ya Daktari na walinzi wawili wa uwanja.

Sang-deok akachukua simu ya ukutani inayokwenda kwenye benchi.

"Kocha. Jin-pyo apashe moto."

"Una hakika?"

"Mimi sina. Lakini mwenyewe anayo."

Picha za MRI zilionyesha kano ya ndani ya kiwiko imechanika robo. Daktari wa mifupa, mzee asiyependa maneno mengi, aliwaambia kwamba upasuaji hauhitajiki: wiki sita bila kurusha kabisa, kisha kujenga upya taratibu. Tae-rim akamuuliza kama angeendelea ingekuwaje. "Labda ungemaliza msimu," alisema mzee. "Labda ungemaliza mechi mbili. Atakayekuambia anajua, mwogope."

Orodha ya timu ya taifa ikatoka bila jina lake. Siku tisa Tae-rim hakuzungumza na Sang-deok. Siku ya kumi alikuja zizini na mkono umefungwa, akaketi kwenye benchi.

"Sijakusamehe," alisema.

"Sawa."

"Nimekuja kwa sababu chumba cha tiba kinanuka dawa ya kuchua."

"Kinanuka kweli," alisema Sang-deok, akaendelea kudaka.

Kesho yake akaja tena, na kesho kutwa. Kwa kuwa hakuwa na la kufanya, Ha-yeong alimpa karatasi na kalamu. Ikawa Sang-deok akipiga kelele "gumba!" au "kidole!" au "kiganja!" kutaja mahali mpira wa mtu yeyote ulipomgonga, Tae-rim anaandika. Warushaji wengine walicheka, kisha wakaanza kuja kuulizia. "Kaka, mimi wangu leo ulikuwaje?" Mmoja akakiri kwamba bega linamkaza. Mwingine akaandika tatu kwenye simu badala ya sifuri, akapumzishwa siku nne, na ilipofika ya tano alikuwa anarusha akiimba. Ha-yeong alimwambia Sang-deok kwamba katika miaka yote aliyokaa pale, hajawahi kuona tatu.

Mambo yangekuwa matamu sana kama yangeishia hapo. Lakini Julai, katika mechi ya Jumamosi iliyokuwa ikienda vizuri, Ok Jin-pyo alirusha mpira kwa mpigaji wa tatu, akaushika mkono wake na kupiga magoti. Waliokuwa karibu walisema waliisikia kano ikikatika. Asubuhi ile alikuwa kijani. Zizini mipira yake arobaini ilikuwa imekuja mizito na ya chini, palepale pa siku zote, na Sang-deok hakuwa ametaja gumba hata mara moja.

Alikaa ofisini kwa Ha-yeong akiwa ameinamisha kichwa. Walikuwa wameipitia kila picha mara tatu.

"Hakuna kitu," alisema Ha-yeong. Macho yake yalikuwa mekundu. "Hatukukosa kuona, kaka. Hakikuwapo cha kuona. Au kipo, na sisi hatujazaliwa na macho yake."

"Basi tunafanya nini hapa?"

Mashine za kufulia zilikuwa zinaunguruma upande wa pili wa ukuta. "Tangu msimu uanze, kwa taa zangu na kidole chako tumeshika watatu," alisema. "Mmoja ametuponyoka. Mwaka jana niliponyokwa na wanne. Mimi siwezi kuacha kazi kwa sababu ya huyo mmoja. Ila leo naomba tulie kidogo, kisha tufanye kazi."

Hospitalini Jin-pyo ndiye aliyewaliwaza. Alikuwa amelala na mkono umening'inizwa, anakula pichi.

"Kaka Sang-deok, hiyo sura ya matanga uliyokuja nayo ni ya nani? Mimi sijafa! Mkono nimeutumia miaka kumi na mitano, umeamua kustaafu bila kuniuliza. Wameweka kano mpya. Mwaka mmoja na nusu, wanasema. Nitakuwa na thelathini na sita. Mbaya?"

"Wazee wa thelathini na sita wapo," alisema Sang-deok.

"Wapo. Na hawana aibu." Akamtazama Tae-rim aliyesimama mlangoni na maua asiyojua pa kuyaweka. "Wewe dogo, njoo. Mkono vipi? Na usiniambie mzima, nitakurushia hii kokwa kwa mkono wa kulia uliokatika."

"Mbili, kaka," alisema Tae-rim. "Mbili kwa kumi. Jana ilikuwa tatu."

"Haya, hiyo ndiyo lugha."

Tae-rim alirusha tena mpira wake wa kwanza mwanzoni mwa Agosti, umbali wa mita kumi na tano, kama watoto wanavyorushiana. Michezo ya Asia ikaja. Aliitazama kwenye televisheni ya chumba cha tiba, pamoja na wenzake, na kikosi cha taifa kilipovalishwa medali za dhahabu alipiga makofi, akatoka nje, akakaa peke yake kama nusu saa. Aliporudi alimwambia Sang-deok kwamba ataomba kujiunga na timu ya besiboli ya jeshi majira ya baridi. "Chakula cha bure, na mkono utapumzika kwa amri ya serikali," alisema. Haikuwa furaha, lakini ulikuwa mzaha, na Sang-deok alikuwa hajausikia mzaha wake tangu machipuko.

Mwisho wa Septemba, msimu ukiwa umebakiza mechi tatu, Kocha Gwak alimpanga. Si zaidi ya mipira hamsini, alisema, na akalirudia mara mbili. Wazazi wa Tae-rim walikuja kutoka Jeongeup na mabegi ya viazi vitamu kwa ajili ya timu nzima. Alipotokea kilimani, watu wote walisimama.

Alirusha awamu tatu kati ya tisa za mechi bila mpinzani kufika hata kituo cha pili. Katika awamu ya nne wawili wakapiga vizuri, akawatoa waliofuata, akatoka uwanjani akiwa amerusha mipira arobaini na mmoja. Mashabiki walikuwa wanaliimba jina lake, wakitaka awamu ya tano. Ilibaki mipira tisa. Kila mtu kwenye benchi alikuwa akimtazama Gwak.

Tae-rim akamwendea mwenyewe, kofia mkononi.

"Kocha, leo inatosha."

"Kinauma?"

"Hakiumi. Kimechoka. Nimejifunza tofauti."

Gwak akaacha mbegu zake za maboga. "Miaka ishirini na sita kwenye kazi hii," alisema, akiwageukia wasaidizi wake kama mtu anayetafuta mashahidi, "na leo ndiyo mara ya kwanza mrushaji kuniomba atoke huku anaongoza." Kisha akachukua simu ya zizini. "Pyo! Mpashe moto anayefuata. Na mwambie Daktari nataka zile karatasi zenu mezani kwangu kabla hatujaenda Okinawa. Zote. Wadakaji wote waanze kuandika, si wewe peke yako."

Walishinda tatu kwa mbili. Baadaye, jua likiwa bado halijazama, walikuwa wamekaa zizini wakichoma viazi vitamu vya Jeongeup kwenye jiko dogo la Mi-gyeong, jambo lililokatazwa kabisa na kanuni za uwanja. Jin-pyo alifika na mkono wake kwenye mkanda, akachukua kiazi kikubwa kuliko vyote, akaketi katikati ya warushaji vijana.

"Haya, mmoja mmoja," aliwaambia huku akimenya kwa meno. "Kuanzia kwako. Leo ngapi kwa kumi? Na atakayesema sifuri hapewi kiazi."